Redio na Namba Mbili

Mtaa mzima ulimwita Redio, na hawakumsingizia. Alikuwa kinyozi, na aliyekalia kiti chake alitoka na kichwa safi pamoja na habari za ukoo wa watu asiowajua. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia, Redio ikazimika. Sauti ilikuwepo, ila maneno yalitoka yakiburuzana, na siku mteja wake wa zamani alipocheka, kinyozi alifunga mdomo moja kwa moja. Daktari alionya kwamba ulimi usipofanyishwa kazi utazoea kulala. Mkewe alimbembeleza, akamfokea, mwishowe akachoka.

Ndipo dada mdogo wa kinyozi, fundi cherehani, alipokuja na kompyuta mpakato kwapani.

"Wifi, nipishe hapo mezani," alisema. "Nataka kumchokoza mumeo."

Utotoni walikuwa na mashine ya michezo ya Kijapani, moja ya zile za mwanzo mwanzo, nyekundu na nyeupe, zawadi ya mjomba. Padi ya kwanza, kile kidude cha vitufe cha kushika mkononi, ilikuwa ya kaka, siku zote. Ya pili, ile isiyo na kitufe cha kuanzishia lakini yenye maikrofoni ndogo, ilikuwa ya mdogo mtu, ndiyo maana akabatizwa Namba Mbili. Mchezo wao ulikuwa na pango ambalo mlango wake haukufunguka mpaka mtu apige kelele kwenye maikrofoni hiyo. Kazi ya kelele ilikuwa yake, na aliipenda kufa.

Mashine ilishaharibika zamani. Fundi simu alimnakilia dada kaseti ya mchezo ikawa faili, akamwekea emuleta, yaani programu ya kuifanya kompyuta ijifanye mashine ile. Vitufe dada alivipanga mwenyewe. Alichukua futi yake ya kupimia nguo, akaupima mkono wa kushoto wa kaka, ule mzima, kama anayetaka kumshonea glavu, kisha akapanga kila kitu upande huo wa kibodi, kidole gumba kikiangukia kitufe cha kuruka. Kaka alimtazama tu. Lakini mchezo ulipoanza, mkono ulienda wenyewe.

Walifika pangoni. Fundi cherehani, kwa mazoea ya utotoni, aliinamia kompyuta akapaza sauti: "Fungua!"

Mlango haukutikisika. Akasogea karibu zaidi, akarudia. Wifi alitoka jikoni na mwiko mkononi kuona nani kaungua. Fundi akaigeuza kompyuta, akapigia kelele ubavuni, kwenye matundu ya feni.

Sasa, kinyozi yule alikuwa na ugonjwa mmoja kabla ya kiharusi: hakuweza kuona jambo linakosewa akanyamaza. Alitikisa kichwa. Akagonga meza. Dada akavuta pumzi apige kelele nyingine.

"Hai... haisikii," kaka alisema. "Ki... kitufe. Hujaweka kitufe, Namba Mbili."

Kweli, kwenye emuleta kelele ya maikrofoni hupigwa kwa kubonyeza kitufe, naye alikuwa amevipanga vyote isipokuwa hicho, kwa sababu kichwani mwake kazi hiyo ilikuwa ya mdomo. Wifi alibaki kasimama na mwiko wake. Fundi alilia, wala hakujificha.

"Kitufe gani, kaka?"

"Cha pa... padi ya pili. Unalia nini? Tafuta."

Alimwelekeza hatua kwa hatua, maneno yakijikwaa, na kila dada alipokosea alimtukana kidogo, kama zamani. Kitufe kikapatikana, mlango ukafunguka, na wifi akaunguza mboga bila kujali.

Kesho yake fundi alirudi. Kabla ya kupiga hodi alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, akafungua kompyuta magotini, akaufuta mpangilio wa kile kitufe cha maikrofoni. Ndani, walipofika pangoni, aliinama akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

Kaka alimkodolea macho.

"Ume... umesahau tena?"

"Nimesahau, kaka," alisema. "Hebu nieleze, taratibu."