Kamera Uani kwa Mama

Ukitaka kumjua mtu aliyesahau kwao, mpe kamera umwambie ailinde nyumba ya mamake. Kaka yangu mkubwa alifunga mbili kwa Mama hapa Lodwar, moja mbele na moja nyuma, zote zimeelekea uani. Uani! Mji mzima unajua kwamba ndani ya nyumba ya mabati ni pa kuweka masanduku na unga. Kulala ni nje, kwenye upepo. Tulilala hivyo tangu utotoni, naye akiwemo, akikoroma kutushinda sote. Lakini ameishi Nairobi miaka mingi, amezoea blanketi, na kwa akili yake mpya ua ni mahali pa kuegesha gari.

Fundi aliyemtuma alishuka kwenye ndege na shati limechomekwa vizuri. Pamoja na kamera alimwachia Mama spika ya mezani inayojibu maswali. Mama aliisalimu kwa heshima, kwa Kiturkana, "Ejok?" Ikamjibu kwa Kiingereza kwamba haijaelewa. Hakuisemesha tena. Fundi akanywa chai ya Mama huku akimweleza kwamba picha zitatunzwa nchi za mbali, salama kabisa. Salama kutoka kwa nani, hakusema. Sijaona mtu akijivunia hivyo kuusafirisha ua wa mwanamke mzee hadi ng'ambo.

Mimi ninatengeneza simu na sola Kakuma, na Lodwar ninarudi mwisho wa wiki. Haukupita muda nikamkuta Mama midomo imepasuka, macho mekundu, anatembea akishika ukuta. Nikamuuliza siku hizi analala wapi.

"Ndani," akasema.

Ndani, chini ya mabati yale, ambapo hata mshumaa hupinda. Kumbe kaka alikuwa amempigia simu kwa furaha kumwambia kwamba wamemwona, yeye na wakwe zake, kwenye televisheni kubwa ya sebuleni. Amelala vizuri, alimwambia, ila shuka ilikuwa imemtoka miguuni. Mjinga yule alidhani anampa habari njema. Mama alikunja mkeka wake, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakulala nje.

"Siwezi kulala mbele ya wakwe," aliniambia. Ni sentensi fupi, na mtoto yeyote wa Kiturkana angeielewa.

Nikapanda juu ya ndoo nikafunika kamera ya mbele kwa leso. Chai haijapoa, simu ya Mama ikalia. Kaka alitaka kujua ni nani ameziba sekyuriti yake, akaongeza kwamba zile kamera zikizimwa atamchukua Mama akaishi naye Nairobi. Mama akanishika mkono.

"Itoe hiyo leso, mwanangu. Nairobi nitakufa."

Nikaitoa. Hasira niliyokuwa nayo sina jina lake. Muuguzi wa zahanati alikuwa amekwisha sema Mama anywe maji mengi na alale penye hewa. Penye hewa palikuwa pale pale, chini ya macho ya wakwe.

Basi nikaamua kujenga kitu cha kumnyima kaka kisingizio. Kwenye soko la kambi ya Kakuma mfanyabiashara mmoja Mkongomani alinionyesha kompyuta iliyopasuka kioo. "Iko bien, dada. Kichwa iko muzima, ni macho tu ilikufa." Nikamwambia macho ndiyo nisiyoyataka. Niliiwekea programu ya bure, nikaifunga kwenye betri ya sola iliyotoka dukani kwangu, nikaiweka kwenye jiko la nje la Mama, penye kivuli. Mlangoni nikabandika kidude kinachojua mlango ukifunguliwa, kwenye tangi kingine kinachojua maji yamefika wapi, na shingoni mwa Mama nikatundika kitufe cha kuita msaada akianguka. Vyote vilikuwa vya mitumba, na gharama yake isingetosha viatu vya yule fundi.

Hakuna kilichokuwa na jicho wala sikio. Vidude viliongea na kompyuta, kompyuta ikabaki na maneno yake ndani ya ua. Kilichotoka nje ni ujumbe mfupi wa simu kila asubuhi: Mama ameamka, maji yapo. Na ukutani niliweka swichi ya kawaida ya taa. Mama akiibonyeza, kila kitu kinanyamaza, isipokuwa kile kitufe chake cha shingoni, na sisi watoto tunapata ujumbe mmoja. Maneno ya ujumbe huo aliyachagua mwenyewe.

Kaka alicheka sana. "Sasa hivyo vyuma vya kambi ndiyo utalinda mathe nayo? Wewe uko siriaz?" Huyo ni mtu anayempigia mlinzi simu aje kumbadilishia balbu. Intaneti ya mji ilipokatika, kamera zake zilikodoa macho kama samaki mkavu na hazikumwambia lolote, lakini ujumbe wangu ulimfikia. Hakushukuru. Alisema ni bahati tu. Kamera zikabaki, na Mama akabaki ndani akiiva.

Kisha akaja mwenyewe, kwa harusi ya binamu yetu. Alijilaza ndani na feni yake ya Nairobi kama bwana mkubwa. Stima ikapotea, feni ikasimama, kamera na intaneti yake zikaendelea kwa betri. Asubuhi nilipofika nilimkuta uani, kwenye godoro chini ya mwarobaini, amebaki na chupi peke yake, mdomo wazi, mapaja yametazama kamera ya mbele. Ndani, mlango umeegeshwa, Mama alikuwa ameketi mkekani akijipepea kwa kipande cha katoni.

Simu ndiyo iliyomwamsha kaka. Alikuwa mke wake, aliyebaki Nairobi. Mamake huyo mke, ambaye huamka mapema kusali, alikuwa amewasha ile televisheni ya sebuleni aone kama wageni wa harusi wameamka.

"Ameona nini?" kaka aliuliza, huku akitafuta shuka. Akasikiliza. "Yote?"

Kwetu mtu na mama mkwe wake hukwepana hata njiani, tena wakiwa wamevaa. Sikuwahi kumwona kaka yangu akikimbia tangu shule ya msingi. Alipata ngazi kwa jirani, akapanda amejifunga shuka kiunoni, akang'oa kamera zote mbili, na waya, na vipande vya plasta. Chai ilikuwa haijachemka. Aliposhuka alisema zilikuwa na hitilafu. Miezi yote ile miguu ya Mama ilihitaji ulinzi. Mapaja ya kaka yalihitaji ngazi tu.

Hakumwomba Mama msamaha. Wala Mama hakungoja. Jioni, jua likiwa bado ukutani, alitoka na mkeka wake chini ya kwapa, akautandika mahali pake pa zamani, akarudi mlangoni akabonyeza swichi. Simu zetu mbili zikalia pamoja, yangu na ya kaka, tukiwa tumesimama hatua chache kutoka kwake.

Kaka akaitoa mfukoni akasoma kwa sauti, pole pole.

"Mama amezima. Msimtazame."

Alipoinua kichwa, Mama alikuwa amekwisha jilaza, miguu haina shuka. Kaka akageuka akatazama ukuta.