Nilimwambia shangazi mzizi wake "unafanya kazi"

Wakuu, habari za humu. Haya sijasimuliwa, nilikuwemo. Nimekaa nayo muda mrefu, leo nayatoa, labda yatamsaidia mtu.

Nafanya kazi maabara hapa Mwanza. Tunapima mimea ya dawa za asili: kama inaua bakteria, na kama ina nguvu kwa seli za saratani.

Shangazi yangu wa Igoma, ndiye aliyenilea, alikutwa na saratani ya titi. Akaanza drip za hospitali. Zilimtesa. Nywele ziliisha, chakula hakipiti.

Siku moja akaniletea mizizi kwenye mfuko wa rambo. "Mzizi huu bibi yako aliwachemshia watu wenye majipu. Kaupime kwenye vioo vyenu."

Kwa wasiojua, ni hivi: unaotesha bakteria kwenye kisahani, unaweka kikaratasi kilicholowekwa dawa. Dawa ikiwa na nguvu, bakteria hawaoti karibu yake, unaona duara safi. Duara la shangazi lilikuwa kubwa kuliko yote niliyowahi kuona.

Tukatuma sampuli kwa wenzetu Dar wanaootesha seli za saratani. Jibu likaja kwa email: active, yaani umeua seli.

Nikampigia pale pale.

"Shangazi, shikamoo. Mzizi wako unafanya kazi."

"Marahaba, baba. Unafanya kazi?"

"Unafanya. Umeua seli."

Akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu augue. "Vioo vyenu vimechelewa. Bibi yako alijua bila umeme."

Kwangu, "unafanya kazi" ilimaanisha tuendelee kupima. Kwake ilimaanisha kupona. Na ndivyo tunavyosema wote, dawa inayofanya kazi ni ile inayoponya. Nani wa kumlaumu?

Sikumwambia kwamba hata jiki ya kufulia ukiimwaga kwenye kisahani cha seli, zinakufa. Sikumwambia kwamba sisi tuliuloweka mzizi kwenye spiriti siku kadhaa, tukaukausha hadi ukabaki unga kidogo, wakati yeye angechemsha kwenye sufuria. Wala kwamba hatujui unalifanyia nini ini la mtu.

Kazi zikanibana, tukawa tunasalimiana kwa simu tu. Baada ya miezi minne nikaenda kumwona. Mezani kuna dumu la maji meusi ya mzizi. Kadi ya kliniki, tarehe ya mwisho ni kabla ya simu yangu.

"Drip za nini tena," akasema, "na wewe ulishapima?"

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Hakubisha. Alirudi kwa sababu nimesema mimi, kama alivyoacha kwa sababu nilisema mimi. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mapafu. Hakumaliza mwaka.

Sijui kama drip zingemponya. Ila ile nafasi ilikuwa yake, na mimi niliiondoa kwa maneno mawili.

Sipingi mitishamba, wakuu. Bado naipima, na naamini ipo siku itatoka dawa kweli. Kama una mgonjwa anayetumia mizizi, usimgombeze. Mwombe amwambie daktari wake, na asiache kliniki. Uliza chochote hapa, nitajibu ninachokijua.

Na nyie wenye Kiswahili kizuri, nisaidieni. Kesho kuna mzee wa Nyegezi anakuja kuchukua majibu ya majani yake, na yameua seli. Nimwambieje?