Siku Shemeji Alipobadilisha Betri

Mume wangu ni mkereza vyuma, na mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga, anakuomba radhi yeye. Mimi siyo. Mimi nikikanyagwa nakumbuka hata rangi ya kiatu, ndiyo maana hadithi hii nasimulia mimi, siyo yeye.

Alikuwa na mashine moja tu aliyoijua kama anavyonijua mimi: mashine kubwa ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, kuukuu, kioo chake cha maandishi ya kijani. Mlio wake ukibadilika kidogo tu, anajua kisu kimeanza kuwa butu. Msimamizi wa karakana alikuwa kaka yake wa kuzaliwa, yaani shemeji yangu. Shati jeupe lisilojua grisi, na mdomo, ee Mungu, mdomo!

Siku moja mume wangu alitoka kwenda kula. Aliporudi, kioo kimejaa maonyo, mashine haijui hata pa kuanzia. Kabla hajauliza nani kaigusa, shemeji alishamtangulia kwa tajiri, mwenye karakana. "Ni mdogo wangu. Anachokorachokora vitu asivyovijua." Tajiri akaamini. Nani angedhani kaka mtu atamsingizia nduguye? Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiyo huijui mpaka uanze kuwashwa.

Akafukuzwa mbele ya wenzake. Wakambandika jina: Bwana Giza, eti kila anachogusa kinazimika. Na mimi bombani nikawa Mama Giza. Wanawake wakawa wananipisha kwenye foleni kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko tusi. Kila karakana aliyobisha hodi ilimfungia mlango. Nani atamkabidhi mashine mtu anayesemwa kaua mashine?

"Nenda kamuumbue huyo kaka yako!" nikamwambia.

"Bila ushahidi hizo zitakuwa kelele tu."

"Basi nitazipiga mimi hizo kelele!"

"Subiri, mke wangu. Mimi najua ilivyokufa. Yeye hajui."

Nikasubiri, lakini sikusubiri kwa uzuri. Shemeji akija nyumbani nilimpa kiti kibovu na chai iliyopoa. Nilitaka siku moja aaibike palepale alipomwaibisha mume wangu, watu walewale wakitazama. Sina haja ya kuficha.

Mashine ikalala chini ya turubai. Mafundi wa nje wakaja, wakatikisa vichwa: kontroli yake, yaani ubongo wake, ni ya kizamani, vipuri vyake havitengenezwi tena. Mwishowe kazi zilipolundikana, tajiri alimeza mate machungu, akamwita mume wangu aondoe ubongo ule na kuweka mwingine. Nikaenda naye, maana tangu afukuzwe msaidizi wake ni mimi. Nilimshikia tochi, nikabandika namba kwenye kila waya kabla hajaukata. Siku zote hizo shemeji anapitapita nyuma yetu: "Taratibu, Bwana Giza, usije ukaua na huu!" Nilitamani kumtwanga spana ya kisogo.

Ubongo mpya ukakubali. Kisu kikala chuma safi, tajiri akapiga makofi. Mume wangu akahifadhi kumbukumbu zote za mashine kwenye kadi ndogo, akaitia mfukoni. Kisha akasema, wafanyakazi wote wakisikia, "Imebaki kubadilisha betri ya kumbukumbu tu; iliyokuja nayo imekaa sana dukani. Kaka, weka wewe. Ndiwe utakayeishi nayo."

Mimi nilijua anachofanya. Nikabana midomo nisije nikaharibu.

Shemeji akakunja mikono ya shati, kichwa kimevimba kwa sifa. Akaenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa, akazima, kama mtu yeyote anayeogopa umeme. Akachomoa betri, akapangusa vumbi, akapiga soga kidogo, akaweka mpya bila haraka. Akawasha.

Kioo kikajaa maonyo. Kila namba iliyokuwamo, haimo.

"Umefanya nini wewe?" tajiri akafoka.

"Mbona nimefanya sawasawa! Siku zote ndivyo ninavyobadilisha. Hata ile ya zamani nilizima kwan..."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Wafanyakazi wote wakamgeukia. Mdomo umemponza kichwa, na hakuna aliyemsukuma.

Mume wangu akaeleza bila kupandisha sauti. Umeme ukizimwa, kumbukumbu ya mashine hizi inashikiliwa na betri peke yake, kwa hiyo betri hubadilishwa mashine ikiwa inawaka. Ukizima ukachomoa, umeiua, kama ilivyouawa siku ile alipokwenda kula. Tajiri akamwambia shemeji aache funguo za karakana mezani, aende.

Nilicheka. Nilicheka mikono kiunoni, kwa sauti, na walionitazama wakatazama wakachoka.

Shemeji akamgeukia mume wangu, macho yamelowa. "Mdogo wangu, niombee basi. Utaniacha nidhalilike mbele ya watu? Sisi tumetoka tumbo moja!"

"Na siku ile," mpole wangu akamwuliza, "tulikuwa tumetoka matumbo mangapi?"

Akachomeka kadi yake. Namba zikaanza kurudi kiooni, moja baada ya nyingine, na hakugeuka kumtazama kaka yake akitoka.