Swali la Mama Gundi

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu yameanza kabla ya jua kuchomoza, na baridi imepenya mpaka ndani ya maabara ya usingizi.

Saa kumi na mbili na nusu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili analowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu na kubandua nyaya ishirini na moja kichwani mwa mwalimu mstaafu.

"Polepole, mama. Nywele zenyewe zimebaki za kuhesabu."

"Ninazihesabu, mwalimu. Haitapotea hata moja."

Hapa wanamwita Mama Gundi. Kwa miaka tisa amebandika kwa gundi nyaya zinazosoma mawimbi ya ubongo, ili watafiti wajue kwa nini ubongo wa mtu aliyechoka hukataa kutulia. Yeye pia ndiye huwahoji wanaotaka kusajiliwa katika utafiti.

Jana alirudi fundi cherehani waliyemkataa mwezi Machi, kidole kimefungwa bendeji. Alisinzia kazini, sindano ikapenya ukucha.

"Mliniambia mimi mzima," alisema.

"Dada, fomu yako inasema ulilala saa tatu, ukaamka saa kumi na mbili."

"Nililala, ndiyo. Nikageuka huku, nikageuka kule. Usingizi ulinijia saa kumi alfajiri. Kwani wewe uliniuliza usingizi?"

Mama Gundi aliisoma fomu upya. Swali alilitunga mwenyewe: "Ulilala saa ngapi?" Wapo waliotaja saa ya kupata usingizi, na wapo waliotaja saa ya kupanda kitandani. Alipopekua fomu, alikuta watu kumi na tisa waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya jibu la swali hilo. Na usajili unafungwa Ijumaa.

"Nimesali tangu jana, lakini sala haifuti fomu," anamwambia mwalimu. "Mtu anakuja amechoka vile, unamwambia haumwi. Anarudi kwake akijiona mwongo."

Saa mbili kamili, wafanyakazi wote wako kikaoni. Fundi cherehani ameketi karibu na mlango.

"Huyu tutamsajili leo," anasema mtafiti mkuu. "Lakini wale wengine, mama, nusu yao hawana hata simu. Tuwaache tu."

"Mimi mmenipata kwa sababu ya kidole," fundi anadakia. "Na wenzangu je? Msubiri nao waumie?"

Mama Gundi anasimama, gundi imemkaukia mikononi.

"Mbele yenu wote, na Mungu ananisikia: kabla ya Ijumaa nitapita mlango kwa mlango. Kila nitakayemkuta nitamwambia, hukusema uongo. Mimi ndiye niliyekuuliza vibaya."