Nyongeza ya Bi Hafsa

Bi Hafsa wa Msambweni alikuwa amekaanga na kuuza samaki miaka kumi na saba kabla ya kuuza tiketi za maigizo, naye alidhani kazi ni ile ile. Mwaka wa 1998 kikundi cha maigizo kilipoanza kuonyesha mchezo ukumbini kila Jumamosi alasiri, kilimweka mlangoni kwa kuwa hapakuwa na mteja aliyewahi kulalamikia bei yake.

Tiketi ilikuwa shilingi hamsini. Ngoma ya kwanza ikilia, zilizobaki alizishusha hadi ishirini, kama alivyozoea kushusha bei ya samaki jua likipinda. Kiti kitupu kilimuuma kama samaki aliyebaki hadi kesho.

Jumamosi moja Kavenya, mama wa Kikamba mwenye shamba la mihogo, alinunua mapema kama kawaida yake. Kando yake akaja kuketi Rai, fundi baiskeli, akijisifu kwamba yeye ameingia kwa ishirini. "Shambani mnaamka na jogoo," akamtania, "sisi tunaamka na ngoma."

Kavenya akarudi mlangoni taratibu.

"Bi Hafsa, mimi na yule tutaona mchezo mmoja?"

"Mmoja, mama."

"Basi hamsini yangu imenunua nini?"

Bi Hafsa akafikiria samaki wake. Kwa samaki, anayewahi huchagua mnono na anayechelewa huambulia mkia. Mchezo hauna mkia. Kavenya hakudai kurudishiwa chochote. Alisema tu kwamba kuanzia wiki ijayo naye atangoja ngoma nje, kama wenzake. Na wote wakingoja nje, ukumbi utafungwa.

Wiki nzima Bi Hafsa aliwaza, hata chai ikampoa mkononi. Ndipo akakumbuka nyongeza: kile kidagaa alichokuwa akimwekea juu mteja wa asubuhi. Aliyepata nyongeza hakuwahi kuuliza wa jioni amelipa ngapi.

Jumamosi akaandika bei zote mbili mlangoni kwa chaki, kila mtu azione. Kisha akamfuata Kavenya kwake, akamsihi aje mapema mara moja tu. Kavenya alipolipa hamsini, Bi Hafsa akamshika mkono hadi nyuma ya pazia.

Mfalme wa mchezo alikuwa akila mahamri. Mwezi ulikuwa sinia lililobandikwa karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, likining'inia kwa mshipi wa kuvulia.

"Vuta," Bi Hafsa akasema.

Kavenya akavuta. Mwezi ukapanda polepole, ukimulika uso wake, na nje ilikuwa saa nane mchana. Kwa kitambo kidogo ulimwengu mzima ulikuwa na mwezi mmoja, na ulikuwa wake.

Mchezoni mwezi ulipochomoza, ukumbi ukashusha pumzi. Kavenya akamwinamia Rai. "Huo niliupandisha mimi kwanza."

Wakati wa kutoka alimpa Bi Hafsa noti ya hamsini, ya Jumamosi ijayo.

"Na nyota zipo?"

"Zipo," akajibu Bi Hafsa, ingawa hazikuwapo. Akapita dukani kuomba pakiti tupu za sigara, akafika nyumbani, akatafuta mkasi.