Gari la Baba na Ndoo ya Mavi ya Kuku

Mwanamume mzima, tajiri, suti nyeupe, jina lake Haskell, alikuja gereji kwangu na ndoo ya mavi ya kuku.

"Dada Janine, lipake gari langu. Lionekane limetolewa bandani leo asubuhi."

Nilidhani ananitania. Wapi!

Gari lenyewe ni spoti la mwaka 1935. Viti viwili, mkia umechongoka kama mtumbwi, mabomba ya kromu yametokeza ubavuni, silinda nane, na pampu ya kushindilia hewa kwenye injini. Enzi zile wenzake wakikohoa barabarani, lenyewe linagonga maili mia kwa saa.

Na rangi ile nyekundu aliipaka baba yangu, Merle, kabla hajaliuza ili mama atibiwe.

Siku hizi hapa Indiana, gari lililotelekezwa linapendwa kuliko lililotunzwa. Majaji wa maonyesho ya magari ya kale wanalilia vumbi.

"Sipaki. Ondoka na kinyesi chako!"

Haskell akaenda kupaka mwenyewe.

Siku ya maonyesho nikampeleka baba. Uzee umemwelemea, na alitaka kitu kimoja tu: kuisikia injini ile ikiunguruma tena.

Tukamkuta jaji ameinamia mavi, anayanusa kama pilau.

"Uhalisia mtupu!"

Nikaziba pua.

Baba akatemea mate kitambaa, akasugua mkia. Wekundu ukatokea, unang'aa.

Haskell akafoka, "We mzee, una wazimu? Unaharibu historia!"

"Historia gani, kijana? Rangi hii nimeipaka mimi."

Jaji akakunja uso. "Vumbi la miaka themanini halitoki kwa mate." Haskell akatimuliwa.

Mnadhani tulishinda? Thubutu!

Mtu alikuwa anarekodi, video ikasambaa. "Gari la mavi" likawa maarufu. Tajiri mwingine akalinunua bei maradufu, akaliweka kwenye chumba cha kioo bila kuliosha. Ile alama ya mate ya baba imewekewa taa.

Tukaenda kuliona. Baba akaegemea kioo.

"Mwanangu, waambie waliwashe. Kidogo tu."

Nikamwambia mlinzi. Akacheka.

"Haiwezekani, dada. Likitetemeka, mavi yatadondoka."

Baba akanishika mkono, tukarudi nyumbani.

Jamani, watu wakishaupenda uchafu, usidhani ukiwaonyesha ukweli watanawa. Watauwekea taa.