Siku Niliyomuuliza Mdudu wa Viazi

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kwetu Sikuda, nikiwa msichana wa miaka kumi na mitano, nilifunga kamba vibaya na mtamba wetu, ng'ombe jike ambaye hajazaa, akapotea. Kesho yake kaka yangu alikuwa ampeleke Tororo kwa wakwe zake, awe mahari. Bila mtamba huyo, harusi isingekuwepo.

Mficha uchi hazai, nami niliificha aibu yangu. Badala ya kuuliza watu, nilifukua shamba la viazi vitamu nikamtoa yule mdudu wa kahawia anayelala udongoni kabla ya kuwa nondo, mwenye kishikio kama cha birika. Watoto wa kwetu tulizoea kumshika kwa vidole na kumuuliza, "Tororo wapi?" Alikotikisia mkia ndiko tulikoamini. Mimi nilimuuliza alipo mtamba. Akaelekeza Bulumbi. Nilikwenda, nikarudi jua la utosi bila ng'ombe.

Jirani yetu, Mzee Wandera, alikuwa mlangoni akitia jembe mpini. Nilimsalimu mara ya pili siku hiyo nikataka kupita. Akaniita.

"Binti yangu, umenisalimia mara mbili, hata kuku wangu umewaulizia hali. Ng'ombe wenu hukumuulizia. Yuko nyuma ya nyumba yangu tangu asubuhi. Nilingoja uulize."

Nikafungua kiganja kumwonyesha aliyenituma Bulumbi. Hakucheka. Alimgeuza yule mdudu taratibu.

"Huyu, Mungu bado anamuumba. Na wewe unamuuliza njia?"

Mtamba alifika Tororo, Mungu ashukuriwe, na kaka akaoa. Mdudu nilimfukia katika chungu cha udongo, kwa shauri la mzee. Baada ya wiki tatu hivi akatoka nondo mkubwa wa kijivu, mwenye mistari ya waridi tumboni na ulimi mrefu kuliko mwili wake. Jua likizama hunyonya maua akiwa angali hewani, hatui. Na huyo ndiye aliyekuwa kiwavi mwenye pembe mkiani, akila majani ya viazi vyetu! Juzi mjukuu wangu, mwalimu, alinieleza kwamba wako Afrika nzima, na wengine huruka mpaka Ulaya. Mpaka wetu wa Busia huuvuka bila kugongewa mhuri wa pasipoti. Kwa uzee huu bado nastaajabu.

Basi mwanangu, ukipotelewa, usimwendee asiyejua kwa sababu tu hatakukaripia. Mwendee anayejua, na karipio lake ulipokee. Hata Mungu, ajuaye haja zetu zote, hutaka tumwombe, sembuse jirani! Akujalie kinywa kisichoona haya kuuliza, na watu wenye subira ya kukujibu. Amina.